Msongo wa oksidishaji katika ujauzito na umetaboli wa mtoto mchanga: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali yanaanzia ya msingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Kama tayari mtu amekushawishi ununue chupa ya vidonge vya "kusafisha mwili", ruka moja kwa moja hadi swali la 10.

## Mambo ya msingi

1. Msongo wa oksidishaji ni kitu gani?

Ndani ya seli zako kuna majiko madogo sana ya moto yaitwayo mitokondria. Humo chakula huchomwa kwa oksijeni ili mwili upate nguvu, na kama ilivyo kwa moto wowote, cheche huruka. Cheche hizo ni chembe kali za oksijeni, na baadhi yake huitwa radikali huru. Zikigusa mafuta ya ukuta wa seli, protini au DNA, huunguza. Mwili una wazimamoto wake: vimeng'enya kama katalesi na superoksidi dismutesi, glutathioni inayotengenezwa na seli zenyewe, na vitamini C na E zinazotoka kwenye chakula. Hawa wote kwa pamoja huitwa antioksidanti. Cheche zikizidi nguvu ya wazimamoto, hapo ndipo tunasema kuna msongo wa oksidishaji. Dhana hii iliwekwa wazi mwaka 1985 na Helmut Sies, mwanabiokemia wa Ujerumani.

Kuna jambo ambalo maelezo mengi hulipita kimya: mwili unazihitaji cheche hizo. Seli huzitumia kupeana ishara, na chembe nyeupe za damu huzitumia kuulia vijidudu. Mwili unataka kuzidhibiti tu. Ungezizima zote, mambo yangeharibika upande wa pili.

2. Ni sawa na msongo wa mawazo?

Hapana, ni majina tu yamefanana. Mama mwenye utulivu wote wa moyo anaweza kuwa na msongo wa oksidishaji kwa sababu sukari yake iko juu, na asihisi chochote. Hauna maumivu wala dalili inayojulikana kuwa yake peke yake.

3. Basi kila mjamzito anao?

Kwa kiasi, ndiyo. Mimba huongeza matumizi ya oksijeni, na kondo la nyuma ni kiungo chenye kazi nyingi na mitokondria tele.

Kondo lenyewe lina kisa chake. Katika wiki za mwanzo kiinitete hukua mahali penye oksijeni kidogo mno, kwa sababu seli za kondo huwa zimeziba midomo ya mishipa ya damu ya mama. Eric Jauniaux, Graham Burton na wenzao walipopima mwaka 2000, walikuta mgandamizo wa oksijeni ndani ya kondo ukiwa chini ya milimita 20 za zebaki kwenye wiki ya 8, kisha zaidi ya 50 kwenye wiki ya 12. Ni ongezeko la karibu mara tatu katika mwezi mmoja. Vizibo vinapofunguka, damu yenye oksijeni huingia, cheche huongezeka ghafla, na kondo huitikia kwa kuzalisha vimeng'enya zaidi vya kujikinga. Vizibo vikifunguka mapema mno na kwa fujo, mimba inaweza kuharibika. Kwa hiyo wimbi la kwanza la oksidishaji ni sehemu ya ratiba ya mimba ya kawaida. Tatizo ni msongo unaoendelea bila kushuka, na chanzo chake mara nyingi ni kimoja kati ya vile vya swali la 6, 7, 8 na 13.

4. Umetaboli wa mtoto mchanga maana yake nini?

Ni namna mwili wake unavyopata, unavyotunza na unavyotumia nguvu. Tumboni alikuwa akipokea sukari kupitia kitovu mchana na usiku bila kukatika. Kitovu kinapokatwa, bomba hilo hufungwa, na tangu dakika hiyo ini lake linapaswa kutoa sukari iliyohifadhiwa, mafuta yaanze kuchomwa, na mwili ujitunzie joto. Watoto wengi huvuka kivuko hiki bila mtu kugundua kwamba kulikuwa na kivuko. Wanaoangaliwa zaidi ni waliozaliwa wadogo (chini ya gramu 2,500), wakubwa sana (zaidi ya gramu 4,000), waliozaliwa kabla ya wakati na wale ambao mama zao wana kisukari.

5. Naweza kupimwa msongo wa oksidishaji kliniki?

Maabara za utafiti hupima mabaki ya uharibifu kwenye damu, mkojo au damu ya kitovu, kwa mfano malondialdehaidi na isoprosteni. Lakini hakuna kiwango kilichokubaliwa cha kumwambia mjamzito mmoja mmoja kwamba "wewe uko salama" au "wewe uko hatarini", na hakuna tiba inayochaguliwa kwa majibu hayo. Ukiniuliza mimi, pesa ya kipimo cha namna hiyo ni afadhali ibaki mfukoni. Kipimo cha presha, cha sukari, cha wingi wa damu na cha mkojo vinaonyesha yale yanayoleta msongo huo, na vyote vina hatua ya kuchukua baada ya majibu.

## Kutoka kwa mama hadi kwa mtoto

6. Sukari yangu ikiwa juu, mtoto anaathirikaje?

Sukari huvuka kondo, insulini ya mama haivuki. Kwa hiyo sukari yako ikipanda, ya mtoto nayo hupanda, na kongosho lake dogo hulazimika kutengeneza insulini nyingi kuikabili. Insulini hiyo humfanya ahifadhi mafuta na kunenepa, hasa mabegani na tumboni. Maelezo haya yalitolewa na daktari wa Denmaki, Jørgen Pedersen, katikati ya karne ya 20, na bado yamesimama.

Oksidishaji huingia hivi: mitokondria zinapomiminiwa sukari kupita kiasi, cheche huongezeka. Seli za kongosho zinazotengeneza insulini ni miongoni mwa zilizo na ulinzi hafifu, kwani vimeng'enya vyao vya kuzima cheche ni vichache ukilinganisha na vya ini. Ndiyo sababu watafiti wanalitazama kongosho la mtoto kwa wasiwasi mahususi.

Utafiti uitwao HAPO (kifupi cha jina lake la Kiingereza), uliochapishwa mwaka 2008 na kuhusisha wajawazito zaidi ya 23,000 katika nchi 9, ulionyesha kwamba hatari haina ukuta. Kadiri sukari ya mama ilivyopanda, hata chini ya kiwango cha kisukari, ndivyo walivyoongezeka watoto wakubwa na watoto wenye insulini nyingi kwenye damu ya kitovu. Kutokana na matokeo hayo, Shirika la Afya Duniani liliweka vigezo vya mwaka 2013. Baada ya kunywa gramu 75 za glukosi, ni kisukari cha ujauzito ikiwa kipimo kimoja tu kimefika milimoli 5.1 kwa lita kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa 1, au 8.5 baada ya saa 2. Kipimo hufanywa kwa kawaida kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Na habari njema ni kwamba sukari ikidhibitiwa, watoto wakubwa kupita kiasi hupungua. Wengi huidhibiti kwa mpangilio wa chakula na kutembea. Wengine huhitaji insulini au dawa, na kuhitaji dawa si kosa la mtu.

7. Na presha ya ujauzito je?

Hapa tunazungumzia priklampsia: presha ya 140/90 au zaidi inayoanza baada ya wiki ya 20, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba viungo kama figo na ini vimeguswa. Wengi huiita kifafa cha mimba, ingawa kifafa chenyewe, yaani degedege, ni hatua yake ya hatari zaidi.

Mara nyingi mzizi uko kwenye kondo. Mishipa ya mama inayolilisha ilitakiwa kutanuka ikawa kama mifereji mipana yenye mkondo wa taratibu. Isipotanuka vizuri, damu huingia kwa kasi na kwa kukatika-katika: oksijeni inapungua, inarudi, inapungua tena. Kule kurudi ndiko hurusha cheche nyingi. Kondo lililoumia humwaga vitu kwenye damu ya mama vinavyochokoza kuta za mishipa mwili mzima, na presha hupanda.

Kwa mtoto matokeo ni kinyume cha swali la 6. Huyu hulishwa kidogo, huzaliwa mdogo au kabla ya wakati, na ini lake halina akiba ya sukari. Mnene wa mama mwenye kisukari na mwembamba wa mama mwenye presha wanafika chumba kimoja kwa njia mbili tofauti: wote wawili sukari inaweza kushuka (swali la 15).

Maumivu makali ya kichwa, kuona vimulimuli, maumivu chini ya mbavu za kulia au uvimbe wa ghafla wa uso na mikono ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni usiku.

8. Nilikuwa na uzito mkubwa kabla ya kushika mimba. Nijikondeshe sasa?

Usijikondeshe. Unene huongeza uvimbe wa ndani kwa ndani na cheche, ni kweli, lakini kujinyima chakula ukiwa mjamzito huleta shida nyingine. Kinachofuatwa ni kuongezeka taratibu. Mwongozo unaotumika sana Marekani unampa mwenye uzito wa kawaida nafasi ya kuongeza kilo 11.5 hadi 16, na mwenye unene uliokithiri kilo 5 hadi 9. Mwendo wa kasi ya wastani, jumla ya dakika 150 kwa wiki, unafaa kwa wengi wasiokatazwa na daktari.

9. Mtoto wangu ataugua kisukari akikua?

Uwezekano unaongezeka, lakini haujaandikwa kwa wino. Uholanzi ilipatwa na njaa kali katika majira ya baridi ya 1944 hadi 1945. Watu waliokuwa matumboni wakati ule walipimwa wakiwa na miaka kama 50, na miili yao ilikuwa inashindwa kushughulikia sukari vizuri kuliko ya waliozaliwa kabla ya njaa au kutungwa baada yake. Daktari wa Uingereza David Barker naye aliona kwamba waliozaliwa na uzito mdogo walikufa zaidi kwa magonjwa ya moyo utu uzimani. Upande wa pili, watoto wa mama wenye kisukari huelekea zaidi kunenepa.

Oksidishaji ni moja ya njia zinazoshukiwa kubeba kumbukumbu hiyo, kwa kuumiza mitokondria (ambazo mtoto huzirithi kwa mama) na kwa kubadilisha alama zinazowasha na kuzima jeni. Ushahidi wenye nguvu wa hatua hizo umetoka zaidi kwa wanyama wa maabara. Haya ni mambo ya wastani wa maelfu ya watu. Hayamtabirii mtoto wako mmoja, ambaye bado ana miaka ya kunyonya, kula na kucheza mbele yake.

## Vidonge, chakula na moshi

10. Kama cheche ndizo tatizo, si ninywe vitamini C na E nyingi?

Swali hili lina mantiki, na ndiyo maana wanasayansi walilijaribu kwa dhati. Mwaka 2006 matokeo ya Uingereza yalichapishwa: wajawazito 2,410 walio katika hatari ya priklampsia walipewa ama miligramu 1,000 za vitamini C na vipimo 400 vya kimataifa (IU) vya vitamini E kila siku, ama vidonge visivyo na dawa. Priklampsia haikupungua. Tena, waliokunywa vitamini walizaa watoto wenye uzito mdogo wengi zaidi. Mwaka uleule utafiti wa Australia haukuona faida, na mwaka 2010 Marekani ilijaribu kwa wanawake karibu 10,000, matokeo yakawa yaleyale. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani likashauri vitamini hizo zisitolewe kwa ajili ya kuzuia priklampsia.

Kwa nini zilishindwa? Sababu zinazotajwa sana ni tatu. Kondo huwa limeshajengwa vibaya kabla vidonge havijaanza. Kidonge hakifiki pale hasa cheche zinaporukia. Na cheche zenyewe, kama ilivyosemwa kwenye swali la 1, zina kazi. Vitamini C ya kawaida kwenye chakula au kwenye kidonge cha kliniki haina neno. Kinachokataliwa hapa ni dozi kubwa kwa matumaini ya kinga.

Vitamini A inataka tahadhari zaidi. Ile ya aina ya retinoli ikizidi vipimo 10,000 (IU) kwa siku, hasa miezi mitatu ya mwanzo, inaweza kumletea mtoto ulemavu. Soma kibandiko kabla ya kuchanganya chupa mbili.

11. Nimesikia chuma huongeza oksidishaji. Niache vidonge vya kuongeza damu?

Usiache. Ni kweli kwamba chuma kilicho huru huweza kugeuza haidrojeni peroksidi kuwa chembe kali zaidi. Ila mwili hukifunga chuma ndani ya protini, na mimba nzima inahitaji kama gramu 1 ya chuma, kiasi ambacho wengi hawana akibani. Upungufu wa damu wenyewe humnyima mtoto oksijeni. Dozi ya kila siku inayopendekezwa ni miligramu 30 hadi 60 za chuma pamoja na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Usiongeze maradufu kwa kudhani utapata damu haraka. Choo kuwa cheusi ni kawaida, usishtuke.

12. Nile nini?

Mboga za majani, matunda ya rangi mbalimbali, kunde, nafaka zisizokobolewa, samaki, mayai, karanga. Faida ya chakula ni kwamba antioksidanti huja kwa vipimo vidogo na kwa mchanganyiko, pamoja na seleniamu, zinki na shaba ambazo vimeng'enya vya swali la 1 haviwezi kufanya kazi bila baadhi yake. Vinywaji vyenye sukari nyingi ndivyo vya kupunguza kwanza, hata juisi iliyoandikwa "antioksidanti" kwa herufi kubwa.

13. Sigara moja moja ina madhara? Na moshi wa mwingine?

Ina madhara. Kila mvuto huingiza vioksidishaji moja kwa moja, na monoksidi ya kaboni iliyomo hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Watoto wa wavutaji huzaliwa wadogo, kisha baadaye huelekea kunenepa kuliko wenzao. Moshi wa anayevuta pembeni yako na moshi wa jiko katika chumba kisicho na dirisha viko kundi moja. Kati ya yote yaliyo kwenye ukurasa huu, kuacha moshi ndiko ningekuweka mbele ya kidonge chochote.

## Kuzaliwa na siku za mwanzo

14. Ni kweli kwamba kuzaliwa kwenyewe ni msongo wa oksidishaji?

Ndiyo, na ni mkubwa. Mtoto anatoka kwenye oksijeni kidogo ya tumboni na kuingia hewani. Katika dakika ya kwanza ujazo wa oksijeni kwenye damu yake ni kama asilimia 60, na huchukua hadi dakika 10 kufika 85 hadi 95. Kwa hiyo mtoto mwenye rangi ya samawati kidogo dakika ya pili si lazima awe mgonjwa.

Zamani mtoto aliyechelewa kupumua alipewa oksijeni tupu. Majaribio yaliyolinganisha yakaonyesha kwamba waliosaidiwa kwa hewa ya kawaida, yenye oksijeni asilimia 21, walikufa wachache zaidi. Tangu mwongozo wa kimataifa wa 2010, mtoto aliyetimiza miezi huanzishiwa hewa ya kawaida. Ukiona mkunga anamsaidia mtoto kwa mfuko wa hewa bila mtungi, hajakunyima kitu.

15. Kwa nini wanamchoma mtoto kisigino mara kwa mara?

Wanapima sukari. Mtoto wa mama mwenye kisukari amezaliwa na insulini nyingi huku sukari imekatika. Sukari yake hushuka chini kabisa ndani ya saa 1 hadi 2. Mdogo au njiti hushuka kwa kukosa akiba. Wahudumu wengi huchukua hatua ikiwa chini ya milimoli 2.6 kwa lita.

Mkunga hukipasha joto kisigino kwa kiganja au kitambaa cha uvuguvugu, huchoma pembeni, si katikati ambako mfupa uko karibu, hufuta tone la kwanza, kisha hugusisha la pili kwenye kijiti cha kipimo. Omba umshike kifuani akinyonya wakati huo. Hulia kidogo zaidi. Sukari ikiwa imeshuka kiasi, hatua ya kwanza ni kunyonyesha, mara nyingine pamoja na jeli ya sukari inayosuguliwa ndani ya shavu, ambayo jaribio la Nyuzilandi la 2013 lilionyesha inafanya kazi. Kutetemeka, ulegevu, kukataa ziwa au kusahau kupumua ni dharura.

16. Njiti wana hatari zaidi?

Ndiyo. Vimeng'enya vya kuzima cheche hukomaa wiki za mwisho za mimba, sawa na akiba ya mafuta na sukari. Njiti huzaliwa kabla ya kukabidhiwa mzigo huo. Miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950, maelfu ya njiti walipofuka kwa sababu ya oksijeni iliyotolewa bila kipimo. Leo ndiyo maana mashine hulia oksijeni ikizidi kama inavyolia ikipungua.

17. Manjano yanahusianaje na haya?

Bilirubini, ile rangi ya manjano, ni antioksidanti yenye nguvu. Hilo lilionyeshwa mwaka 1987. Huenda ndiyo sababu kiasi kidogo siku za mwanzo ni cha kawaida. Ikizidi huumiza ubongo, na hapo sifa yake njema haina maana: manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika viganjani na nyayoni, yapelekwe hospitali leo.

18. Maziwa ya mama yana nafasi gani?

Dang'a, yale maziwa ya kwanza ya njano, yana karotini na vitamini E nyingi kuliko maziwa yajayo baadaye. Hiyo njano ndiyo karotini yenyewe, na kuna wanaoyakamua na kuyamwaga wakidhani yameharibika! Mnyonyeshe ndani ya saa ya kwanza. Kuchelewa kukata kitovu angalau dakika 1 na kumlaza ngozi kwa ngozi pia humsaidia kutunza damu, joto na sukari.

## Hali zisizo za kawaida

19. Familia yetu ina upungufu wa G6PD. Nifanye nini?

Waambie wahudumu kabla ya kujifungua. Bila kimeng'enya hiki cha kutosha, chembe nyekundu za damu hazina namna nzuri ya kujikinga na oksidishaji, na hupasuka. Wavulana hupata zaidi. Adui wa nyumbani ni vile vidonge vyeupe vya nafthalini vya kufukuza wadudu kabatini: nguo za mtoto zilizolala navyo zinaweza kumletea manjano makali. Usivitumie kabisa, wala usipokee nguo zinazonukia hivyo bila kuzifua na kuzianika vizuri. Baadhi ya dawa, ikiwemo primakwini ya malaria, hazifai. Na uulize kabla ya kutumia dawa yoyote unaponyonyesha.

20. Mimba iliyopita nilipata priklampsia. Kuna kinga?

Ipo, na haimo kwenye kundi la antioksidanti. Ni aspirini ya dozi ndogo, miligramu 75 kwa siku kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, ikianza kabla ya wiki ya 20, kwa maelekezo ya daktari. Mahali ambapo chakula kina kalisi kidogo, huongezwa gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, ikinywewa saa tofauti na chuma kwa kuwa vinazuiana. Nenda kliniki mapema, usingoje tumbo lionekane.

21. Nilikuwa na kisukari cha ujauzito, nimejifungua, sukari imerudi sawa. Nimemaliza?

Bado. Rudia kipimo cha kunywa glukosi kati ya wiki ya 4 na ya 12 baada ya kujifungua, kisha sukari ipimwe kila mwaka mmoja hadi mitatu. Uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya 2 ni takriban mara 7 hadi 10 ya mwanamke ambaye hakuwahi kukipata, na kunyonyesha kunahusishwa na kuupunguza. Kadi ya kliniki ya mimba hii itunze. Namba za sukari zilizoandikwa humo ndizo zitakazoulizwa kwanza ukishika mimba nyingine.